Marufuku ya magari ya petroli Ethiopia: dola zinaokolewa wapi?

Mwishoni mwa Januari 2024 Waziri wa Uchukuzi wa Ethiopia, Alemu Sime, aliwaambia wabunge kuwa magari madogo hayataruhusiwa tena kuingia nchini isipokuwa yanatumia umeme. Umoja wa Ulaya ulikuwa umejiwekea mwaka 2035. Uingereza ilikuwa imetoka tu kusogeza tarehe yake kutoka 2030 hadi 2035. Norwe ilikuwa na lengo la 2025, lakini baada ya maandalizi ya zaidi ya robo karne. Ethiopia haikutaja mwaka wowote wa mbele, na kwa uamuzi huo ikawa nchi ya kwanza duniani kuzuia kabisa uingizaji wa magari ya abiria ya petroli na dizeli.

Vyombo vingi vya habari vya nje viliipokea kama habari ya tabianchi: nchi maskini inayozitangulia nchi tajiri. Sifa hiyo si ya uongo, kwa sababu zaidi ya asilimia 90 ya umeme wa Ethiopia hutoka kwenye mabwawa, na gari linalochajiwa Addis Ababa kweli halitegemei makaa ya mawe. Lakini serikali yenyewe ilipojieleza, ilianza na pesa. Wizara ilitaja karibu dola bilioni 6 zilizotumika kuagiza mafuta kwa mwaka mmoja, na zaidi ya nusu yake ikaishia kwenye vyombo vya usafiri. Weka kiasi hicho kando ya mauzo yote ya bidhaa za Ethiopia nje ya nchi, kahawa ikiwemo, ambayo katika mwaka wa fedha 2022/23 yalikuwa takriban dola bilioni 3.6. Mwezi mmoja kabla ya tangazo, Desemba 2023, nchi ilishindwa kulipa riba ya dola milioni 33 kwa wenye hati fungani zake za kimataifa.

Kwa hiyo kisa hiki nakichambua kama sera ya fedha za kigeni. Ukikiangalia hivyo, swali la kuipima sera linabaki moja: je, dola zinazotoka kwa ajili ya mafuta zimepungua, na kama zimepungua, ni mfukoni mwa nani gharama imehamia?

Mlango ulikuwa umeshafungwa nusu

Tangazo la 2024 lilionekana la ghafla kwa watu wa nje tu. Kwa miongo mingi gari Ethiopia limekuwa kitu cha anasa machoni pa mtoza kodi. Ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, kodi ya ongezeko la thamani na tozo ya ziada vilirundikwa juu ya gari la petroli mpaka jumla yake ikaweza kufikia mara mbili ya thamani ya gari lenyewe. Ndiyo maana Lada za buluu na nyeupe za enzi ya Derg, utawala wa kijeshi wa zamani, ziliendelea kubeba abiria Addis Ababa, na ndiyo maana nchi yenye watu zaidi ya milioni 120 ina magari takriban milioni 1.2 tu.

Mwaka 2022 mambo mawili yalitokea karibu pamoja. Wizara ya Fedha iliondoa kodi ya ongezeko la thamani, ushuru wa bidhaa na tozo ya ziada kwenye magari ya umeme, kisha ikapanga ushuru wa forodha kwa ngazi: gari linalokuja vipandevipande kuunganishwa nchini halitozwi kitu, lililounganishwa nusu hutozwa asilimia 5, na lililokamilika asilimia 15. Oktoba mwaka huohuo serikali ikazuia benki kutoa fedha za kigeni kwa ajili ya bidhaa za aina 38 ilizoziita zisizo za lazima, na magari binafsi yalikuwemo. Ya umeme yakaachwa yapite.

Naipa ngazi ile ya ushuru uzito mkubwa kuliko marufuku yenyewe. Mfanyabiashara wa magari aliyekuwa akileta Toyota Vitz zilizotumika alifanya hesabu zake mapema, akageukia China. Barabara za Addis zikaanza kuonyesha BYD, Volkswagen ID.4 na ID.6 zilizotengenezwa kwa soko la China, na vigari vidogo vya Changan na Wuling. Waziri aliposimama mbele ya wabunge, alikuwa anapiga muhuri mwelekeo ambao kodi ilikuwa imeshauanzisha.

Norwe ilifika kwa njia gani

Kila mjadala wa magari ya umeme humalizikia Norwe, na Ethiopia haikwepi kulinganishwa nayo. Mwaka 2024, kati ya kila magari mapya 100 yaliyouzwa Norwe, karibu 89 yalikuwa ya umeme tupu. Zote mbili zinaendeshwa kwa umeme wa maji, na kabla ya gari la umeme kuwepo zote zilikuwa zikitoza gari la petroli kodi kubwa. Hilo la pili ndilo siri ambayo wengi huiruka. Serikali isiyotoza gari la kawaida kodi kubwa haina cha kulisamehe gari la umeme, hubaki kutoa ruzuku kutoka hazina, na ruzuku huisha bajeti inapobana. Marekani ilikuwa ikimpunguzia mnunuzi hadi dola 7,500 kwenye kodi yake, kisha Bunge likaikata nafuu hiyo mwishoni mwa Septemba 2025.

Lakini Norwe haikupiga marufuku chochote. Mwaka 1989 wanamuziki wawili wa bendi ya a-ha na mwanaharakati Frederic Hauge wa shirika la mazingira la Bellona walileta Fiat Panda iliyobadilishwa kuwa ya umeme, wakawa wanapita nayo kwenye vituo vya tozo za barabara bila kulipa, makusudi, ili watu waulize. Mwaka 1990 serikali ikaondoa kwa muda kodi ya kununua gari la umeme, na 1996 msamaha huo ukawa wa kudumu. Mwaka 1997 likasamehewa tozo za barabara. Mwaka 2001 kodi ya ongezeko la thamani ikaondolewa. Miaka ya 2000 yakaruhusiwa kupita njia za mabasi, na 2009 kupanda vivuko bila nauli. Barabara kuu zikawekewa chaja za kasi kila baada ya kilomita 50 kwa msaada wa serikali. Ndipo 2017, magari yakiwa yameshajaa mitaani, Bunge likaweka lengo kwamba ifikapo 2025 kila gari jipya liwe halitoi moshi. Lilikuwa lengo, halikuwa sheria ya kukataza.

Norwe nayo ililipa gharama. Hazina ilipoteza mapato mengi, na wanufaika wa mwanzo walikuwa familia zenye uwezo zilizoongeza gari la pili. Njia za mabasi karibu na Oslo zilijaa magari ya umeme mpaka mwaka 2015 zikawekewa masharti saa za msongamano. Mwaka 2023, sehemu ya bei ya gari inayozidi kroni 500,000 ilirudishiwa kodi. Serikali iliyakaza na kuyalegeza masharti kadiri magari yalivyoongezeka, na iliweza kufanya hivyo kwa sababu ilikuwa na muda. Ilikuwa pia na mafuta yake baharini ya kuuza, kwa hiyo hakuna siku iliyoamka bila dola za kununulia dizeli.

Ethiopia haikuwa na hiyo miaka. Sioni haki kuilaumu kwa kutokwenda polepole kama Norwe. Lawama yangu ni juu ya kitu ilichochagua kuanza nacho.

Hesabu ambayo ingebadilisha mpangilio

Tuchukue mifano miwili, kwa makadirio ya kawaida. Gari binafsi la mjini linatembea kilomita 10,000 kwa mwaka na kula lita 8 kwa kila kilomita 100. Hizo ni lita 800. Tukiikadiria lita moja kwa senti 75 za dola kufika nchini, gari hilo linaigharimu nchi dola 600 za mafuta kwa mwaka. Sasa chukua minibasi ya abiria, zile HiAce za buluu na nyeupe zinazofanya kazi ya daladala Addis Ababa. Ikitembea kilomita 200 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, ikala lita 12 kwa kilomita 100, inamaliza lita 7,200, yaani dola 5,400.

Minibasi moja ni sawa na magari binafsi tisa. Na gari la umeme nalo linanunuliwa kwa dola. Mtu akiacha kuagiza gari dogo lililotumika la dola 6,000 akaagiza la umeme jipya la dola 15,000, nchi imetoa dola 9,000 zaidi leo ili iokoe 600 kwa mwaka. Itachukua miaka 15 kurudisha, muda ambao betri yenyewe huenda isiufikie. Minibasi ya umeme hata ikizidi ile ya dizeli kwa dola 30,000, dola hizo zinarudi katika muda usiofika miaka sita.

Unaweza kubadilisha tarakimu zangu upendavyo, mpangilio hautageuka. Chombo kinachotembea kutwa nzima ndicho kinachookoa dola, na kile kinachoegeshwa uani siku nne kwa wiki kinaziokoa kidogo sana. Marufuku ya Ethiopia ililenga hasa hicho cha pili. Dizeli, inayoendesha malori na mabasi, ndiyo sehemu kubwa ya mafuta yanayoagizwa, na tangazo la Januari 2024 lilihusu magari madogo.

Kuna hoja ya upande wa pili nami naiheshimu. Soko la magari madogo ndilo linalovuta wauzaji, mafundi na wawekaji wa chaja, na bila magari mengi barabarani hakuna atakayefungua kituo cha kuchaji. Maofisa wa Ethiopia wametaja zaidi ya magari 100,000 ya umeme nchini, idadi ambayo hakuna jirani anayeikaribia. Kampuni ya Belayneh Kindie inaunganisha minibasi na mabasi ya umeme mjini Debre Birhan. Kampuni ya mwanariadha Haile Gebrselassie, Marathon Motor, iliunganisha Hyundai Ioniq ya umeme tangu 2020. Viwanda hivi visingepata ujasiri bila kuona serikali imeamua kweli. Ila mnunuzi wa kwanza na mkubwa wa viwanda hivyo alipaswa kuwa usafiri wa umma, kwa mkopo wa bei nafuu, kabla ya gari la mwenye nyumba Bole, mtaa wa wenye uwezo Addis Ababa.

Umeme upo, nyaya hazijafika

Septemba 9, 2025, Ethiopia ilizindua rasmi Bwawa Kuu la Renaissance kwenye Nile ya Buluu, lenye uwezo wa megawati 5,150, lililoanza kujengwa 2011 kwa michango na hati fungani za Waethiopia wenyewe. Wasiwasi wa kawaida kwamba magari yatamaliza umeme wa nchi hauna msingi hapa. Magari 100,000, kila moja likitumia uniti 1,500 kwa mwaka, yanahitaji gigawati-saa 150. Bwawa lilisanifiwa kuzalisha takriban 15,700. Ni kama asilimia moja. Ethiopia ina umeme wa kutosha kuiuzia Kenya megawati 200 tangu Novemba 2022, kupitia laini ya zaidi ya kilomita 1,000.

Shida iko mtaani, kwenye transfoma. Nyumba nyingi za Addis hupika injera kwa jiko la umeme, mitad, ambalo peke yake hula kilowati tatu na nusu hivi. Chaja ya nyumbani ya gari inaweza kula saba. Magari matatu yakichomekwa jioni kwenye transfoma iliyofungwa miaka mingi iliyopita kwa ajili ya taa na majiko, mtaa mzima unaingia gizani. Na karibu nusu ya Waethiopia bado hawana umeme nyumbani. Ni jambo zito kisiasa: umeme uliochangiwa na mkulima wa kijijini Gojjam unafika kwanza kwenye betri ya gari la mjini. Nguvu iliyotumika kutangaza marufuku ingetumika pia kubadilisha transfoma, na kutenga bei ya usiku ya kuchajia, malalamiko mengi yangepungua.

Kenya imefanya hilo la bei. Mwaka 2023 ilianzisha bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri, shilingi 16 kwa uniti saa za kawaida na 8 usiku wa manane, kabla ya kodi na tozo. Hatua hiyo haikupigiwa makofi duniani, lakini inamfanya mwenye basi achaji wakati ambapo mvuke wa jotoardhi unaozalisha umeme Olkaria ungepotea bure.

Gereji

Hapa ndipo mwenye gari Addis anaumia, na ndipo sera ilipokuwa tupu zaidi. Sehemu kubwa ya magari yaliyoingia ni ya soko la China, yaliyoletwa na wafanyabiashara binafsi bila mtengenezaji kuyatambua nje ya nchi yake. Maandishi kwenye skrini ni ya Kichina. Plagi ya kuchajia ni ya kiwango cha China, wakati chaja za kiwango cha Ulaya nazo zipo sokoni. Programu ikigoma, hakuna wakala wa kuifungua. Betri ikipata hitilafu, fundi aliyejifunza kwa Corolla hana kifaa cha kuipima na pengine hana hata glavu za kumkinga na volti 400. Mnunuzi wa mkono wa pili anaijua hofu hiyo, kwa hiyo gari la umeme linashuka bei haraka, huku Vitz kuukuu ikishikilia bei yake. Birr ilipoachiwa ielee Julai 29, 2024, chini ya mpango wa mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, ndani ya wiki chache dola ilitoka birr 57 ikapita 100, na kila spea ikapanda pamoja nayo.

Onyo lilikuwepo palepale mjini. Treni za umeme za Addis Ababa zilianza 2015 kwa shangwe, zikiwa 41. Miaka haikuwa mingi sehemu kubwa zikalala karakana kwa kukosa vipuri, ambavyo navyo vinanunuliwa kwa dola. Mtambo wa umeme hauhitaji mafuta, lakini unahitaji vipuri na mtu aliyefunzwa. Kabla ya kufunga mlango kwa petroli, Ethiopia ingeweza kuweka sharti rahisi: anayeleta gari la umeme awe na dhamana ya betri inayotambulika nchini, plagi ya kiwango kimoja, na kiasi fulani cha spea. Sharti kama hilo halimgharimu serikali hata birr moja.

Kigali ilianzia kwa anayetembea kutwa

Rwanda ni ndogo na haina bwawa la Nile, lakini mpangilio wake naupenda zaidi. Mwaka 2021 serikali ilisamehe kodi kwenye vyombo vya umeme, betri na vifaa vya kuchajia, ikaruhusu vituo vya kuchaji kulipia umeme kwa bei ya viwanda. Ilipofika wakati wa kukataza, Januari 2025, ilichagua kitu kimoja tu: pikipiki mpya za biashara ndani ya Kigali. Mwenye pikipiki ya petroli aliyekwisha sajiliwa aliachwa aendelee na kazi yake. Wakati huo kampuni kama Ampersand zilikuwa zimeshaweka vituo ambapo dereva anaacha betri iliyokwisha na kuchukua iliyojaa, akaendelea na safari. Dereva hanunui betri, analipia matumizi. Uzito wa bei na hofu ya betri kufa vinabaki kwa kampuni.

Nairobi, BasiGo walifuata wazo lilelile kwa mabasi: mwenye matatu analipia kwa kilomita, chaji na matengenezo yakiwemo. Tazama wanaoguswa kwanza Kigali na Nairobi, bodaboda na matatu, halafu wanaoguswa kwanza Addis. Kule sera imekwenda pale mafuta yanapounguzwa zaidi kwa siku.

Swali hili linaijia Tanzania pia, maana tangu Aprili 2025 mitambo yote tisa ya Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, imekuwa ikifanya kazi. Bajaji za Mbagala na mabasi ya mwendokasi ni wagombea wa wazi wa kwanza, kabla ya gari la mtu binafsi Masaki.

Lori la Jibuti

Kwa Ethiopia bado kuna nafasi ya kurekebisha bila kurudi nyuma. Marufuku ibaki, kwa sababu kuifuta sasa kutawaua walioamini na kujenga viwanda. Ngazi ya ushuru iongezewe tofauti: basi na minibasi vipate mkopo wa serikali wa riba ndogo, gari la kifahari la watu saba lirudishiwe kodi kamili kama Norwe ilivyofanya juu ya kroni 500,000.

Kisha kuna barabara ya Jibuti. Karibu bidhaa zote zinazoingia Ethiopia hupita bandari hiyo, na sehemu kubwa hubebwa na malori ya dizeli, yakiwemo yanayobeba dizeli yenyewe. Kando ya barabara hiyo ipo reli ya umeme ya zaidi ya kilomita 700 iliyoanza biashara Januari 2018, na haijawahi kubeba mzigo inaoweza kubeba. Kila kontena linalohama kutoka lori kwenda behewa linaokoa dola leo, bila kuagiza gari jipya hata moja, bila kumwambia fundi yeyote abadilishe kazi. Bajeti ya mabehewa, vichwa vya treni na bandari kavu ya Modjo ndiyo ningeifuatilia kwanza kama ningekuwa mbunge aliyemsikiliza waziri ile Januari.